Likizo ya Kwenda Mbele Tu

Alhamisi, 31 Julai 1975. Likombe, Mtwara.

Naandika haya ili siku nchi itakapotaka kujua nani alizifungua barabara za Kusini, isipate taabu ya kuuliza. Ni mimi, Bwanaheri. Miaka tisa hakuna lori lililotoka Mtwara kwenda Masasi bila sauti yangu. Chui wa Nanganga walikuwa wananijua. Mmoja, Mungu shahidi, alinipungia mkia.

Sasa habari yenyewe. Mke wangu Mwasiti anataka kwenda Kitaya, kule mtoni Ruvuma. Felismina, jirani yetu wa miaka kumi, aliyekuja akikimbia vita vya Msumbiji, anarudi kwao. Nchi yao imepata uhuru. Yuko Kitaya tayari, na mtumbwi unavuka Jumamosi saa kumi alasiri. Waliachana vibaya kwa ajili ya ugomvi wa kuku, Felismina akaondoka bila kuagwa. Mwasiti analia tangu juzi.

Nikasema nitampeleka kwa gari! Na tufanye likizo kabisa, mtu na mkewe, kama wakubwa. Tutazame viboko.

Gari ni Landrova ya shemeji yangu Iddi, kaka yake Mwasiti. Iddi ana mdomo. Kaniuliza mbele ya watu kama najua kuendesha au najua kupanda tu. Nikacheka kwa dharau. Kuendesha najua. Kwenda mbele. Kurudi nyuma ndiyo sijui. Lakini Kitaya iko mbele.

Ijumaa, 1 Agosti.

Baada ya sala nimechukua gari. Nikaenda kufanya mazoezi uwanja wa Mtawanya. Nimezunguka mara kumi na moja, zote mbele. Safi kabisa.

Hii ya kurudi nyuma si ujinga, niandike isije ikapotoshwa. Nilikuwa utingo. Utingo mkuu. Lori likirudi nyuma, mimi niko chini, nyuma yake, nagonga bodi: njoo, njoo, kata kulia, basi! Dereva anafanya nini na gia huko ndani, sikuwahi kuona. Kila mtu na idara yake.

Mwasiti hajui. Miaka ishirini na mbili ya ndoa anajua nilikuwa dereva. Na ameshasema: Baba Tabu, safari hii usinidanganye hata neno moja, ukinidanganya nabaki kwa Iddi. Nimeapa.

Jumamosi, 2 Agosti.

Siku ndefu! Naandika kwa vipande.

Tumeondoka saa nne asubuhi. Mwasiti kavaa vizuri, kapakata kikapu: mikate ya kumimina, pweza mkavu, doti ya kanga mpya ya Felismina. Kuku hai pia, wa suluhu. Nikapiga honi mtaa mzima. Iddi akatoka na msuli kutazama. Alitazama sana.

Njia panda Mwasiti akasema kushoto. Nikasema mimi ndiye dereva. Kulia.

Baada ya nusu saa akamuuliza mama mmoja anayepalilia mihogo. Mama akasema huku ni baharini, Kitaya mmeiacha zamani. Mwasiti akasema basi geuza. Geuza! Njia nyembamba kama mshipi, mikorosho huku na huku. Nikamwambia likizo si haraka, nataka umwone mandhari. Akauliza mandhari ni nani. Tukasonga maili tisa kutafuta mahali pa kuzungukia. Tukapata uwanja wa mpira. Kulikuwa na mechi. Nikapita nyuma ya goli la kwanza, nikapita mbele ya goli la pili, nikatoka. Wakati napita mpira ukagonga boneti ukaingia wavuni. Walibishana sana lile goli ni la nani. Ni langu.

Saa nane mchana. Balaa. Kwenye mchanga, njia ya gari moja, tumekutana uso kwa uso na lori la makopa, mihogo mikavu. Juu yake watu kama ishirini. Dereva anaitwa Feliciano, mtu mfupi, mtulivu, mbaya. Akasema yeye ana mzigo, akirudi atazama mchangani, mimi nirudi hatua arobaini tu nyuma kwenye mkorosho, pana nafasi. Nikasema sheria ya barabara inataka lori limpishe aliye likizo. Akauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Nikasema goti linaniuma. Nikasema basi watu wako washuke wanisukume kinyumenyume. Wa juu wakacheka mpaka makopa yakamwagika. Mama mmoja akauliza: mzee, injini hiyo umeweka pambo?

Feliciano akazima lori. Akawasha sigara.

Saa tisa kasoro. Mwasiti alikuwa anatazama jua. Nikaona machozi yanakuja, na mimi machozi ya Mwasiti siwezi. Nikashuka. Nilitaka kumwambia Feliciano kweli, mbele ya wale watu wote.

Lakini miguu yangu ikanipeleka nyuma ya gari. Mkono ukagonga bodi wenyewe. Njoo! Njoo! Na gari, Mungu mkubwa, likaja! Nikadhani ni uchawi. Kata kulia! Likakata. Basi! Likasimama chini ya mkorosho, sawasawa.

Kwenye usukani yupo Mwasiti.

Lori likapita, watu wanapiga vigelegele. Si kwa ajili yangu. Nikauliza alijifunza wapi. Akasema Iddi alimfundisha Ramadhani ya mwaka juzi, pale pale Mtawanya. Mbona hukuniambia? Akasema: “Ningekwambia saa ngapi, Baba Tabu? Ulikuwa unaongea.”

Akasema na utingo wangu anaujua tangu posa, Iddi alimweleza. Alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Bado anangoja, akasema. Akatia gia, hakunipisha.

Saa kumi kasoro dakika chache tukafika. Felismina ana mguu mmoja kwenye mtumbwi. Alipomwona Mwasiti anashuka upande wa usukani alitoa ukelele, akarudi nchi kavu, wakakumbatiana mpaka mwenye mtumbwi akaanza kutukana kwa Kimakonde. Kuku akapokelewa. Felismina akanigeukia: shemeji, umemleta Mwasiti, au Mwasiti amekuleta? Nikajifanya natafuta viboko.

Mtumbwi ulipofika katikati, Mwasiti alikuwa bado anapunga.

Jumatatu, 4 Agosti. Likombe.

Nimewaeleza watu wa kahawa jinsi nilivyomfundisha mke wangu kuendesha kwa siku moja. Njia yangu mwenyewe: mwalimu anakaa nje. Wamestaajabu. Bakari, fundi cherehani, anaanza masomo Alhamisi. Nimekubali.

Kisha nimerudisha gari kwa Iddi, peke yangu, Mwasiti yuko sokoni. Nimeingia uani kwake kwa mwendo wa heshima, katikati ya ukuta na banda la mbuzi, breki, vumbi! Iddi akasema vizuri sana shemeji, sasa ligeuze, nakwenda Mikindani.

Nikasema injini lazima ipumzike. Akaleta kiti, akakaa mlangoni, akanyoosha miguu.

Hiyo ilikuwa saa tatu. Sasa adhana ya adhuhuri inaita, na mimi niko bado kwenye usukani, ukuta uko puani. Nimemwambia naandika ripoti ya safari. Ukweli ni kwamba nimempenyezea mke wa Iddi habari dirishani, aende sokoni amwite Mwasiti, aje upesi.

Asiseme kwa nini.