Kiti cha Msailiwa

Jumatatu, 3 Juni
Mjukuu ameanguka tena. Mara ya tatu. Usaili wa uofisa wa jeshi. Mbio anapita, macho yanapita, hata meno yanapita. Akifika mbele ya jopo, anarudishwa nyumbani. Nimemuuliza kosa ni nini. Mzee wa jopo amemwambia kila jibu lake linaanza na "bibi yangu anasema", basi labda wangemwita bibi.

Nimefurahi, sikuonyesha. Wale ni watu wazito, na wameniona.

Amebakiwa na mara moja tu, tarehe 17. Mwezi wa nane umri unampita na mlango unafungwa. Nimemlea tangu ana miezi tisa, mama yake alipofariki. Mlango haufungwi nikiwa hai.

Jumanne, 4 Juni
Nimeunda jopo langu. Meza katikati ya sebule, viti vitatu huku, cha msailiwa kule. Mwenyekiti mimi. Kanali ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, kwa sababu ana koti. Kiti cha tatu nimekivika kofia ya marehemu mume wangu.

Mjukuu akaingia, akapiga saluti safi. Fundi akamuuliza kwa nini anataka uofisa. Mjukuu alikuwa anachelewa kujibu, nikajibu mimi. Fundi akasema, bi mkubwa, sasa msailiwa ni nani hapa? Nikamwambia ashone mdomo, si ndiyo kazi yake.

Alhamisi, 6 Juni
Majibu arobaini. Nimeyaandika yote kwa mkono wangu, na darasa la nne langu hilohilo. La kumi na mbili: ukikwama mtoni na askari wako utafanya nini? Jibu: tusingekwama, ningewaamsha mapema.

Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, Bibi, kuna swali wameniuliza mara zote tatu. Uamuzi gani niliwahi kuufanya mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Sina.

Nikamwambia achukue kalamu, nimpe mmoja.

Ijumaa, 7 Juni
Ameondoka. Begi moja. Amehamia kwa rafiki yake muuguzi, upande wa pili wa mji, mpaka usaili upite. Alisema kwa adabu zote, amenishika mikono. Majibu arobaini ameyaacha mezani, yamekunjwa vizuri.

Nilimwambia aende zake, asije kunililia. Nikamwambia pia amesahau sweta. Alikuwa amelivaa.

Jumapili, 9 Juni
Sufuria yangu haijui kupikia mtu mmoja. Nimekula cha mchana jioni, na kimebaki.

Nimempigia simu mara sita kumkumbusha atulie. Mara ya saba simu ilikuwa imezimwa. Betri za siku hizi.

Jumatano, 12 Juni
Viti bado vipo palepale. Leo nimekaa upande wa msailiwa, nione anachokiona. Kofia, ukuta, na kiti changu. Kiti changu kikubwa kuliko nilivyodhani.

Nikajiuliza lile swali la uamuzi. Nikajibu vizuri sana. Hapakuwa na wa kuandika.

Fundi akachungulia dirishani, akauliza naongea na nani. Na jeshi, nikamwambia.

Jumatatu, 17 Juni
Nimevaa gauni langu la sherehe, nimepanda mabasi mawili mpaka lango la kambi, majibu arobaini mkobani. Mlinzi akauliza nina miadi na nani. Nikamweleza kwamba jopo lenyewe lilisema lingeniita, nimekuja kuwapunguzia kazi. Akanipa benchi na maji ya kunywa. Kijana mwenye malezi.

Nimekaa tangu saa tatu. Saa kumi akaniambia kwa upole kwamba wasailiwa wote walishatoka, kwa lango la nyuma.

Alhamisi, 20 Juni
Amepita.

Amekuja na barua, ameisoma amesimama. Waliuliza swali lilelile. Akawajibu kwamba mtu anayempenda kuliko wote yuko nyumbani peke yake tangu Ijumaa ile, kwa sababu yeye aliamua kuondoka asikie anachofikiri mwenyewe. Na kwamba kila siku alitaka kurudi. Mzee wa jopo akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Nimemwambia arudie. Amerudia. Jambo liko wazi. Ningekuwa mpole, angeondoka kwa lipi? Uamuzi ule ni kazi yangu. Nimeuandika kama jibu la arobaini na moja.

Jumamosi, 22 Juni
Amekwenda chuo cha jeshi. Miezi kumi na minane, na simu haziruhusiwi mwanzoni. Kabla hajaondoka nilimpa fundi majibu mapya sitini, akayashonea ndani ya bitana ya begi lake. Wakubwa wake wakimuuliza chochote, apasue.

Nyumba imenyamaza mpaka nasikia bomba la jirani likidondosha maji. Nilitaka kurudisha viti mahali pake. Nimeshika kimoja, nimekiacha.

Binti wa fundi ana usaili wa uuguzi mwezi ujao. Baba yake hajaniomba kitu. Nimekwenda kumwambia amlete Jumatatu saa mbili, akae kile kiti. Jibu la kwanza nimeshaliandika. Linaanza: "Bibi yangu anasema." Mimi si bibi yake, lakini atazoea.