Basi Lipige Honi Kwetu Pia

Jumapili, 12 Januari

Binti yetu amemaliza wiki ya kwanza shule ya serikali, mtaa wa nyuma. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui kupumzika. Mimi nilitaka shule ya binafsi. Mke wangu akaniuliza karo itatoka mfuko gani. Mimi ni fundi makochi, nikarudi kwenye nyundo yangu. Nafasi yenyewe aliisotea yeye, foleni tangu alfajiri, na mwalimu mkuu alishaonya: mtoto akipotea wiki nzima, nafasi anapewa mwingine.

Sawa. Lakini Bwana Marumaru! Jirani wa mbele, muuza vigae. Kila asubuhi basi la njano la shule ya binafsi linampigia honi mwanawe. Pii! Pii! Leo kaniuliza, kwa upole wa kuudhi, mbona wetu anatembea kwa miguu. Nikamwambia basi lake liko kwenye matengenezo.

Jumatatu, 13 Januari

Mambo shwari. Dereva wa basi la kijani, la shule nyingine ya binafsi, nimemshonea mto wa kiti chake bure. Sharti moja tu: asimame mlangoni kwetu, apige honi, aende zake. Chiriku nimemvalisha sweta la kijani la mtumba juu ya sare yake. Maagizo: asimame mlangoni, basi likiondoka avue sweta, atembee hadi shuleni kwake. Na akiulizwa chochote na yeyote, afunge mdomo. Mke wangu hajui kitu. Huondoka gizani kwenda kiwanda cha mikate.

Honi tamu hiyo! Macho yangu yalikuwa dirishani kwa Marumaru. Pazia likatikisika. Imemchoma! Nilipogeuka, basi halipo na Chiriku hayupo. Mtoto mtiifu kweli.

Jumanne, 14 Januari

Leo Marumaru katoka nje kabisa, mswaki mdomoni, povu hadi kidevuni. Nikampungia mkono.

Chiriku karudi nywele zimelowa. Bila shaka wanachezea bomba pale shuleni. Anasema kala keki. Watoto kwa kutunga! Zaidi ya hapo hakusema neno. Nimeshangaa. Labda ndiyo ukubwa unaingia.

Jumatano, 15 Januari

Lo! Siku gani hii!

Marumaru alikuja karakana, akaketi kwenye kochi la mteja. Nikamweleza kuwa shule ya kijani kila mtoto anajulikana kwa jina. Imeandikwa hivyo ubavuni mwa basi. Akameza mate. Raha iliyoje!

Mara hodi. Mwanamke, mikono ina chaki hadi viwikoni. Mwalimu wa Chiriku, wa shule ya serikali! Akasema ana watoto wengi kuliko madawati, lakini tangu Jumatatu darasa limepoa mno, na ile sauti ya karibu na dirisha haisikiki. Amekuja kuuliza kama mtoto anaumwa. Nikasema kikohozi. Kibaya sana. Kalala ndani.

Hapo basi la kijani likasimama mlangoni, Chiriku akashuka.

Kumbe! Dada anayepandisha watoto kwenye basi aliona sweta Jumatatu, akamfokea kwa kuzubaa, akampandisha. Na jioni wamekuwa wakimshusha kwenye kona, leo tu ndipo wamemfikisha mlangoni. Siku tatu mtoto anasoma shule ya kijani na hakuna aliyegundua! Nikamuuliza huko wanamwitaje. Akasema hakuna aliyemuuliza jina, wanamwita wewe. Kisha akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kuongea.

Nikainama kutafuta sindano ambayo haikupotea. Roho iliniuma. Mwalimu akamketisha karibu yake, akamwambia aseme yote. Akayasema, mpaka mwalimu akaomba maji.

Alhamisi, 16 Januari

Mke wangu kaambiwa na Chiriku, bila kuachwa hata nukta. Sweta la kijani sasa ni tambara la kudekia, na mdekaji ni mimi. Asubuhi nimepelekwa kwa mwalimu mkuu kuomba radhi, nikasimama kama mwanafunzi mtoro. Nafasi ipo, imesalimika. Mwalimu akamwita Chiriku kwa majina yake yote matatu na darasa zima likashangilia. Machozi yalinilenga, sifichi.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: SIRUDII TENA.

Jumamosi, 18 Januari

Marumaru kaja kupitia mlango wa nyuma, mnyonge. Anasema mwanawe yuko shule ya njano mwaka wa pili, na hakuna mwalimu aliyewahi kukanyaga kwake hata kuuliza hali. Anamhamishia shule ya serikali, darasa la yule yule mwalimu. Mke wangu kafurahi, kampongeza, kampa na mkate.

Mimi sikufurahi. Shule moja? Mwalimu mmoja? Sasa mtaa utatutofautisha vipi?

Lakini nimewaza. Marumaru akimtoa mwanawe, basi la njano litabaki na kiti kitupu, na dereva wake hatakuwa na wa kumpigia honi mtaa huu. Halafu mto wa kiti chake umechanika, nimeuona kwa macho yangu. Jioni nimeongea na dereva huyo, tumeelewana. Sokoni nimepata na sweta la njano. Mikono mirefu kidogo, lakini mtoto anakua.

Wala siyo kwamba sikujifunza. Safari hii Chiriku ataruhusiwa kuongea.