Dakika Ishirini na Tano bila Kutikisika

Jumanne, tarehe 14 mwezi wa kumi

Sauti imenifuata kutoka Goma hadi hapa Ngungu. Ko, ko, ko. Kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa tupu, anayegonga kwa adabu huku akijua hakuna atakayemfungulia. Ni sauti ya mashine ya IRM, lile bomba la sumaku linalopiga picha za ndani ya kichwa. Jana niliisikia kwa sekunde arobaini. Aliyehesabu ni Émile, anayeiendesha. Mimi nilikuwa nimefumba macho na kubonyeza ule mpira wa kuomba kutolewa.

Maelezo, kwa kumbukumbu yangu mwenyewe. Sikio la kushoto linapungua kusikia tangu Pasaka. Kichwa kinauma upande huohuo. Daktari wangu wa hospitali ya Kirotshe anataka kuona kilichomo kabla ya kuamua kama ni kupasuliwa au ni dawa, na anasema sikio halitangoja. Ninafundisha Kifaransa darasa la watoto hamsini na wanane. Wale wanaokaa upande wa kushoto wameshagundua.

Kinachohitajika: dakika ishirini na tano ndani ya lile bomba, bila kutikisika. Si kifo ninachoogopa. Ni kujua kwamba kuna kitu juu ya uso wangu na siwezi kukiinua.

Émile hakunikaripia. Alisema anayetoka kabla ya wakati hurudi mwisho wa orodha, lakini mimi ananipa Jumatano ya wiki ijayo, kwa huruma. Sipendi huruma. Nimeandika tarehe.

Mdogo wangu Kétsia alinisindikiza. Njia nzima ya kurudi, kwenye pikipiki, alisimulia alivyopata usingizi siku walipompiga picha ya mguu. Mguu! Mguu hauingizwi popote.

Jumatano, tarehe 15

Nimefikiri. Hofu ni kama vitenzi vya Kifaransa: ni mazoezi tu. Kinachohitajika ni mahali pafinyu.

Chini ya kitanda: dakika mbili, kisha Kétsia akapitisha ufagio. Kabatini: mtu husimama, na IRM ni ya kulala. Pipa la maji: nisiandike.

Saa kumi nikakumbuka nyumba ya fromaji ya Papa Nzabandora, mtengeneza jibini wa hapa kijijini. Chumba cha udongo, hakina dirisha, baridi, giza, mbao zimepangwa kutoka chini hadi juu na fromaji zimelala juu yake zikikomaa. Ubao wa chini kabisa uko tupu kwa sababu ya unyevu. Kutoka ubao huo hadi wa pili: sentimita thelathini na nane. Nimepima kwa rula ya shule.

Sikuomba ruhusa. Kuomba kungenilazimu kueleza.

Alhamisi, tarehe 16

Jaribio la kwanza: dakika nne. La pili: tisa.

Jambo la ajabu. Ile ko, ko, ko ilinyamaza. Kulikuwa na harufu tu, ya chumvi na maziwa na kitambaa kibichi. Nilitoka nikiwa mtulivu kuliko nilivyokuwa tangu Pasaka. Kétsia akauliza kwa nini nanuka ndama. Nikasema ni upepo wa malishoni.

Ijumaa, tarehe 17

Maafa, lakini ya kielimu.

Sikujua kwamba Papa Nzabandora hugeuza fromaji zake kila siku ya pili, gizani, kwa kupapasa. Amefanya hivyo miaka thelathini na hahitaji taa. Anakuja na beseni la maji ya chumvi na kitambaa, anaosha kila moja, anaigeuza, anapita kwa nyingine.

Nilikuwa dakika ya kumi na mbili. Rekodi. Nilimsikia akiingia na nikafanya hesabu: nikisema, nitapoteza rekodi. Pia, niliamini hatafika ubao wa chini.

Alifika. Nadhani alikuwa anapima unyevu. Kitambaa baridi kilitua kwenye paji la uso wangu, kikazunguka mashavu yote mawili, taratibu, kwa mkono wa mtu anayeipenda kazi yake. Sikutikisika. Akabonyeza shavu kwa kidole gumba. Akasema peke yake, "Hii ingali na maji." Kisha akaweka mikono miwili kunigeuza, na hapo akakutana na pua.

Aliipapasa mara mbili, kuhakikisha. Mwishowe aliuliza, bila kupandisha sauti, "Iko nani?"

Nikasema ni Madame Emérence wa sekondari.

Akauliza niko pale tangu siku gani. Nikaeleza yote: sikio, bomba, rula. Alisikiliza kama daktari, kuzidi daktari. Mwishowe alisema naweza kurudi, ila nisipumulie zile changa. Na kwa kuwa kila ubao una tarehe yake iliyoandikwa kwa chaki, aliandika na ya kwangu, ili asinioshe tena.

Jumapili, tarehe 19

Kijiji kizima kinajua. Baada ya misa, mama mmoja wa kwaya aliuliza nitakuwa nimekomaa lini. Kétsia alicheka hadi akaegemea ukuta. Nimemsamehe kwa maandishi tu.

Jana, ubao wa chini: dakika thelathini na moja. Leo, kwa uhakiki, chini ya kitanda nyumbani: dakika tatu, jasho, moyo mbio.

Hitimisho la kisayansi: ujasiri wangu hauko kwangu. Uko kwenye harufu. Basi harufu isafiri.

Jumatano, tarehe 22

Goma. Nimeandika haya kwenye benchi la nje.

Émile alinihoji tena: mkufu, herini, pini za nywele, chuma chochote mwilini? Hakuuliza kuhusu fromaji. Kwa hiyo sikudanganya. Walinivua kila kitu chenye mfuko wakanipa lile gauni lao, lakini hilo nilikuwa nimelitarajia. Kipande kilikuwa ndani ya shavu la kulia.

Niliingia. Bomba likanifunika. Ko, ko, ko. Nikavuta pumzi polepole, harufu ikapanda puani kutoka ndani, na nikawa gizani kwa Papa Nzabandora. Hapakuwa na Goma. Hapakuwa na mashine. Mpira wa kuita ulikuwa mkononi na sikuukumbuka.

Kama katika dakika ya kumi harufu ilianza kufifia. Nikatafuna kidogo, kuiamsha. Ikaamka. Ikafifia tena. Nikatafuna.

Dakika ishirini na tano! Nilitoka nikiwa nimeinua kichwa. Kétsia mwenyewe, mlangoni, alisema nimeweza. Niliiweka sentensi hiyo akilini, na tarehe yake.

Kisha Émile akaniita kwenye skrini. Kulikuwa na ukungu. Kichwa changu kilikuwa kama picha iliyopigwa kutoka kwenye lori linalorukaruka mashimo ya njia ya Sake.

"Madame, ulikuwa unasema?"

Nikasema hapana.

"Ulikuwa unaomba Mungu?"

Hapana.

"Basi hili taya liko linafanya nini?" Akaniangalia. "Fungua kinywa."

Mimi, mwalimu, nilifungua kinywa. Aliinama, akanusa, akasimama wima.

"Mu hii mashini batu banaingiaka na rozari, na telefone," alisema. "Fromaji, hii njo mara ya kwanza."

Kétsia alitoka nje kucheka. Nilimsikia, kwa sikio la kulia. Upande wa kushoto alikuwa hacheki kabisa.

Ijumaa, tarehe 24

Daktari alikuwa ameshapigiwa simu na Émile. Hakucheka, jambo baya. Alisema Jumatatu saa nane mchana kuna nafasi, ameiomba mwenyewe, na haombi tena. Baada ya hapo ni mwaka ujao, na mwaka ujao huenda hakutakuwa na sikio la kuzungumzia. Alinionyesha nyuma yangu, upande wa kushoto. Kétsia alikuwa anasema nami pale muda wote. Sikuwa nimejua.

Akanipa kidonge kimoja, cheupe, ndani ya bahasha ndogo. Nikimeze saa moja kabla ya kuingia. Nitalala kama mtoto. Kimoja tu, kwa sababu kimoja kinatosha.

Kétsia aliomba akiweke yeye. Alisema, "Yaya, dada yangu, nakujua." Nilimjibu kwamba anayepoteza viatu vyake kanisani hawezi kutunza dawa.

Jumapili, tarehe 26

Kesho tunaondoka alfajiri. Begi tayari, karatasi za daktari tayari, nguo bila zipu.

Nimekiwaza kidonge siku mbili. Daktari anasema nitalala. Daktari hanijui. Kosa la mwanzo, nikilichunguza bila upendeleo, lilikuwa moja: niliingia mahali pagumu na mbinu ambayo haikujaribiwa kikamilifu. Sirudii kosa.

Kwa hiyo leo saa saba nimekimeza, na saa nane kamili, saa ileile ya miadi, nimejilaza chini ya meza na mbao mbili juu ya uso.

Kinafanya kazi. Muda wa saa tatu na nusu nzima bila kutikisika. Sikusikia chochote, hata Kétsia alipokuwa ananiita.

Nimetulia kabisa kuhusu kesho.