Vitenge Sita vya Mama Zainabu

Jumatatu, 14 Julai

Neema imeshuka! Vitenge kumi na viwili vilivyoshonwa kwa harusi ya Zainabu vimelowa mawese. Bidoni ya mafuta hayo ilipasuka ndani ya basi dogo la kutoka Nyanza-Lac, na mzigo wa fundi cherehani ulikuwa chini yake. Mama Zainabu analia uani. Harusi Jumamosi. Mimi natabasamu, Mungu anisamehe.

Maana hapa Rumonge sijaona mwingine mwenye shahada ya uhandisi wa kemia. Utafiti wangu ulihusu kichocheo cha mwanga: unga mweupe wa titani, chembe ndogo kuliko vumbi. Ukipigwa na jua, unakula uchafu wote. Miaka miwili sasa shahada imening'inia ukutani kwa dada Chausiku, na mimi nimening'inia hapo hapo. Dada anasema ukuta umechoka.

Tena Mama Zainabu ndiye mama yake Hadjara. Namtaka Hadjara tangu tuko shule. Mama hataki. Alishasema mbele za watu: "Mutoto wangu ataolewa na mutu, hataolewa na diplome."

Nimekwenda saa ile ile kuahidi kwamba nitavisafisha bila hata kusugua. Nani nimemkuta? Nuhu, fundi sabuni, amekaa kwenye kiti ambacho ningekikalia mimi. Naye anamtaka Hadjara. Naye ameahidi kusafisha. Mama katutazama wote wawili, kisha kagawa: sita kwake, sita kwangu. Atakayevirudisha vizuri, wazee wake watapokelewa nyumbani kuleta posa.

Nuhu hana hata cheti! Ana mikono tu.

Jumanne, 15 Julai

Nimefungua chupa ya unga niliyopewa na profesa wangu siku ya kuagana. Jaribio kwanza. Maabara nyingi huupima unga huu kwa rangi ya buluu: unatia rangi kwenye maji, unatia unga, unaweka juani, unangoja. Nimeweka chupa juu ya bati saa tatu asubuhi. Saa tisa maji yametakata kabisa! Nimecheza peke yangu uani. Profesa alikuwa akisema kila mara kwamba kichocheo hiki hakichagui, kinakula chochote kinachokikaribia. Mtu mkubwa yule.

Hadjara amepita kumwona dada. Ameuliza buluu imekwenda wapi. Nimemwambia imeliwa. Ameuliza kama vitenge navyo si rangi. Nimecheka sana. Nimemweleza taratibu kwamba hili ni jaribio, na vile ni vitenge.

Amenitazama kwa muda mrefu. Nadhani ni mapenzi.

Jumatano, 16 Julai

Nimevipaka vitenge uji wa unga wangu na kuvitandaza ufukoni mwa ziwa, jua kali, jirani na akina mama wanaoanika ndagala. Kelele! Mmoja amedai unga umerukia samaki wake. Nimemwambia unga huu hutiwa hata kwenye dawa ya meno. Amejibu kwamba ndagala wake hawana meno ya kupigwa mswaki. Wote wamecheka, hata mimi ilibidi nicheke, kwa uchungu.

Hadjara amekuja tena. Amenishauri nianze na pembe ya kitenge kimoja. Halafu kingine nikiweke pembeni bila unga, nijue kama kazi inafanywa na unga au na jua tu. Nimemwambia hayo ni maswali ya mwaka wa kwanza.

Jioni mawese yalikuwa yamefifia nusu. Nilijua!

Alhamisi, 17 Julai

Saa sita mchana vitenge vyangu safi kabisa. Doa hata moja hakuna, maua yote yanang'aa. Nimepiga kelele za furaha.

Ndipo akapita Nuhu. Vyake alivimaliza jana. Amevifua kwa sabuni yake ya magadi, akavianika. Basi. Eti jua lenyewe linakula mawese, kila mwanamke wa Rumonge anajua. "Hii jua iko inafanya kazi bure, Enjenieri," aliniambia, na akanipigapiga begani. Begani!

Nimevitazama vitenge vyangu. Ni safi. Lakini safi sawasawa na vya Nuhu. Mimi niwe sawa na Nuhu? Nimevipaka tena, safari hii unga mara tatu, nikavirudisha juani. Dada Chausiku kanisihi niviache. Nimejifanya sikusikia.

Ijumaa, 18 Julai

Nimetoka msikitini moja kwa moja hadi ufukoni. Mtu kaanika sanda sita mahali pangu. Nimemtafuta nimgombeze. Nimetafuta vitenge vyangu. Nimerudi kwenye sanda. Nimeona mshono.

Ee Mwenyezi Mungu.

Nimevipeleka. Nimeeleza kwamba doa la mawese hata moja halikubaki. Mama Zainabu amejibu kwa sauti ndogo sana kwamba hata kitenge hakikubaki. Ningependa angepiga kelele.

Jumamosi, 19 Julai

Harusi. Kwa bibi harusi wamesimama wanawake sita wenye maua mekundu na sita wenye nguo nyeupe tupu. Mzee mmoja kutoka Magara amedhani wale weupe ni wauguzi. Amemnyooshea shangazi mkono apimwe presha. Nuhu amekaa meza ya mbele, kapewa paja la kuku. Mimi nimekula nimesimama.

Jumatatu, 21 Julai

Sikutegemea. Hadjara amekuja asubuhi, macho makavu. Amesema hamtaki Nuhu. Amekesha siku mbili akimbembeleza mama yake, na mama amelegea: wazee wangu watapokelewa Jumatano alasiri, mara moja tu, na nifike nimevaa kama mtu. Nilitaka kulia. Nililia kidogo.

Kisha amenipa kipande cha kitambaa, ukubwa wa kiganja. Ameniomba jambo moja tu maishani: kabla ya kitu kikubwa, nijaribu kwanza kwenye kidogo. Nimeapa. Mwanamke gani huyu! Nimekibusu kile kipande na kukiweka chini ya mto, kumbukumbu ya maisha.

Suti ninayo moja, na ina doa la mchuzi wa harusini kwenye kiwiko. Jaribio dogo litachukua siku nzima, na Jumatano ni keshokutwa. Nani ana muda? Nimeitandaza ufukoni tangu saa tatu, na unga wote uliobaki kwenye chupa.

Mjomba Athumani amekubali kunisindikiza. Ameuliza nitavaa nini, nisije nikamwaibisha. Nimemjibu kwa fahari: suti nyeusi.