Jinsi Kasika Archange Alivyolikomboa Faili la Watoto Pale Mubi

Sogeeni, enyi mlioketi kwenye ngazi za maduka ya Mubi! Zimeni pikipiki, na mama wa mikate atue beseni lake, nisimulie vita alivyopigana Kasika Archange, Simba wa Fotokopi, Mlinzi wa Wino, aliyeshinda bila kuinuka kitini.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, zama za bunduki. Shujaa alikuwa na sekretariati ya meza moja, kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala, na ndani ya kompyuta yake ilikaa kompyuta ya pili isiyo na mwili, mashine ndani ya mashine, ambamo wamama wa parokia walitunza orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao vitani, na mahali kila mmoja alikohifadhiwa. Mashine hiyo nzima ilihifadhiwa katika faili moja kubwa. Basi waliposikika wenye silaha wakikaribia, Archange, kwa werevu wake usiopimika, akalibadili faili lile jina, akaliita "Nyimbo za Kwaya", ili mpekuzi alipite akipiga miayo. Wakaja, wakapekua, wakachukua chaja na biskuti, wakaenda zao. Lo! Akajisifu siku tatu mfululizo, mpaka majirani wakachoka naye.

Siku ya nne akaingia Mama Epiphanie, aliyetoka Masisi kwa miguu na kandambili kumtafuta bintiye wa miaka minane.

"Papa Archange, wameniambia mutoto wangu Muhawenimana iko mu ile liste. Honoré wa moto, ile pikipiki ya kule inje, anaenda Pinga sasa hivi, mbele bafunge barrière ya barabara. Sijue nipande naye ao nishuke Hombo."

"Keti, Mama! Hakuna faili iliyowahi kusimama mbele ya hii mukono!"

Akabonyeza. Mashine ikajibu kwa ufupi wa dharau: diski, yaani faili lile kubwa, haionekani.

Naam, vita vikaanza. Akaifunga, akaifungua, ikajibu yale yale. Akaipiga meza kofi. Meza ikaumia peke yake. Akaligeukia jenereta, akalitukana ukoo wake wote, ilhali maskini lilikuwa likinguruma kwa uaminifu juu ya kikombe cha mwisho cha petroli. Jasho likamtoka Simba wa Fotokopi.

"Kwani hiyo faili imeenda wapi?" akauliza Mama Epiphanie.

"Haikuenda, Mama! Iko hapa, ninaiona na macho! Nilibadilisha tu jina."

"Mu kambi nami nilibadilisha jina, juu ya woga. Siku ya kugawa maharagwe wakaita lile la zamani, nikabaki nimeikala chini, nikalala njaa." Akamtazama. "Ule mwenye kuita, ulimuambia?"

Archange akajipiga paji la uso, akaisogelea kompyuta. Kumbe kando ya faili kubwa palikaa faili dogo la mistari michache, kazi yake ni moja tu, kuliita lile kubwa kwa jina! Akalifungua kama barua. Humo mwitaji alikuwa bado anaita jina la zamani. Akalifuta jina lile, akaandika "Nyimbo za Kwaya", akahifadhi, akabonyeza.

Mashine ikaamka! Shujaa akapiga ukelele, akaandika Muhawenimana, akangoja.

Hakuna jina hilo.

Nje Honoré akapiga honi. Archange akaipitia orodha mara ya pili. "Mama," akasema polepole, "haiko."

Mama Epiphanie akajishika kichwa. Kisha akaruka wima. "Ngoja! Ni mimi njo nilimufundisha! Nilimuambia, bantu ba bunduki bakikuuliza, sema unaitwa Victorine, basi. Tafuta Victorine!"

Victorine, miaka minane, kovu goti la kushoto. Pinga, kwa mama muuza mihogo.

Mama akalia, akaibusu kompyuta, akambusu na Archange kwenye upara, akakimbilia pikipiki bila kuaga.

Basi waandike wenye kuandika, wazazi wawahadithie watoto, kwamba siku hiyo pale Mubi Kasika Archange alimshinda adui aliyemzaa mwenyewe, akiongozwa na jemadari aliyevaa kandambili. Na kwamba kabla jenereta halijakata roho aliwahi kuongeza neno moja kwenye orodha, kando ya Victorine: Muhawenimana, ili siku atakapoitwa, aitike.