Baba wa Karatasi

Ustadhi Bahgat alimjua mteja mnono kwa namna anavyoketi. Madam Inshirah, mjane mwenye duka la kukodisha magauni ya harusi huko Shubra, alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, bangili za dhahabu zikigongana mkono mzima. Bahgat akaagiza kahawa ya pili na kumshukuru Mola kimoyomoyo.

Ofisi yake ilikuwa meza ya pembeni katika mkahawa mmoja wa Heliopolis. Hapo, kwa miaka sita, aliwaandikisha watoto wa Kairo katika shule ya bweni ya Uswisi ambayo haikuwahi kuwa na jengo, mwalimu wala kengele. Ilikuwa na picha nzuri ya ziwa. Mzazi akisita mbele ya fomu, Bahgat alimtilia kalamu mkononi na kumwambia kwa upole, "Saini tu, ni utaratibu."

"Binti yangu Rihab ana akili za kutisha," alisema Madam Inshirah. "Nataka asome ng'ambo."

"Nafasi imebaki moja, madam. Ila kuna jambo." Bahgat akavaa uso wa msiba. "Kule wanamhoji baba na mama pamoja. Mtoto wa mjane hawampokei."

Sheria hiyo ilikuwa na umri wa nusu dakika. Alitaka kupandisha bei tu.

Madam akasimama. "Basi haikuwa riziki yetu. Ahsante kwa kahawa."

Bangili zikaanza kuelekea mlangoni, na Bahgat akaona kama anaibiwa. "Ngoja, dada yangu. Baba anapatikana, wa karatasi. Ndoa leo, mahojiano kesho, keshokutwa talaka."

"Mwanamume gani wa kuaminika atakubali?"

Bahgat akanyoosha tai. Alikuwa ameikwepa ndoa miaka arobaini na minne, na shangazi zake wote wameshamkatia tamaa. "Kwa ada ya ziada," alisema, "mimi mwenyewe."

Alhamisi wakakutana sebuleni kwa mjane: shehe wa kufungisha ndoa, sinia la kunafa tamu ya jibini na shira, na Haji Metwalli, kaka yake Inshirah, karani mstaafu wa mahakama. Ndoa ilipokwisha fungwa, Haji akatoa karatasi nyingine.

"Ni orodha ya vyombo vya bibi harusi. Friji, vitanda, dhahabu. Bwana harusi gani haisaini?"

"Vyombo si viko humu humu?" Bahgat akacheka, mdomo umejaa kunafa.

Haji akamtilia kalamu mkononi. "Saini tu, shemeji. Ni utaratibu."

Mwingine angeshtuka. Bahgat aliona tu kwamba maneno yametamkwa vizuri, akasaini.

Asubuhi yake alikuja kudai ada yake. Inshirah akammiminia chai na kumpa nakala ya orodha aisome.

"Friji tatu? Kilo ya dhahabu? Piano! Iko wapi piano?"

"Hata mimi nashangaa, mume wangu. Umesaini kwamba umeipokea, ni amana mikononi mwako. Nikiidai ukakosa kuileta, ni jela. Kaka yangu ameona watu wakifungwa kwa ajili ya masufuria."

"Nakuacha sasa hivi."

"Niache. Jioni nadai piano yangu."

Bahgat akakaa. "Nimekukosea nini, mama wa watu?"

"Mimi hujanikosea. Nabawiya, fundi wangu wa cherehani, ulimuuzia nafasi ya mwisho mwaka jana. Begi la mwanawe mpaka leo liko mlangoni, limefungwa. Hana moyo wa kulifungua."

Bahgat akatazama chai yake. Aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, alidhani ni tumbo.

"Utaanza kwa kumrudishia Nabawiya fedha zake zote," Inshirah aliendelea. "Kisha kuna hili la binti yako."

Rihab akaingia na bahasha. Shule ya Uswisi, yenye majengo, walimu na kengele, ilikuwa imemkubali tangu miezi mitatu nyuma. Kilichokosekana ni mtu wa kusaini kwamba atalipa karo mpaka amalize.

Bahgat aliisoma fomu kila mstari, mbele na nyuma, akitafuta picha ya ziwa. Haikuwamo. Akamtazama Inshirah, akaitazama orodha, akamtazama Inshirah tena.

Rihab akamtilia kalamu mkononi, kwa upole.

"Saini tu, baba," alisema. "Ni utaratibu."