Asili ya Kubwata na Somo la Mavuno

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Newala.
Mungu wa rehema na aitangulie kalamu yangu. Nawe utakayelifungua daftari hili, pokea salamu zangu za heshima.

Nimechoka. Cyril, mzee mwenzangu wa kanisa, amemwambia Padri kwamba mimi sisomi Neno, bali nabwata. Nabwata! Miaka ishirini na miwili nasoma somo la Sikukuu ya Mavuno, watu wakileta madhabahuni korosho zao za kwanza. Jumamosi kamati itaamua kama nisome tena. Nimekusudia kuchunguza asili ya neno hilo. Likionekana kuwa la heshima, Cyril atakuwa amenisifu.

Jumatano, 9 Oktoba.
Nimekwenda kwenye foleni ya maji, jirani na kwangu. Ndoo nyingi, maji hakuna. Nikawauliza akina mama, kwa upole, neno hilo hutumikaje. Mama Loveness akasema huambiwa mtoto mwenye kelele, kondakta wa basi, na mlevi anayegombana na mlango wake. Nikauliza kama halifai kwa wazee wa kanisa. Wote wakatazama ndoo zao. Asili yake hakuna aijuaye. Afadhali, nafasi iko wazi.

Alhamisi, 10 Oktoba.
Nimempigia simu Mwalimu Veridiana, mstaafu wa Lukuledi. Yeye yuko bondeni, nasi tuko juu. Sauti sharti iteremke. Nikamsihi, kwa siri, akubali kwamba neno lilitoka kwa wahubiri wa kale. Akajibu kwamba hajapata kusikia habari hiyo. Bibi yake alilitumia kwa wanaume waliogombea mipaka ya mikorosho. Nikamwomba huyo bibi tumfiche.

Mke wangu Mabel akaingia na ndoo tupu. Akasema foleni nzima inamsalimu Mwalimu. Sikumwelewa.

Jumamosi, 12 Oktoba.
Nilisimama kamatini na karatasi yangu. Kabla sijafungua kinywa, Cyril akaniuliza taratibu, "Baba Chrispin, bibi yake Mwalimu tumfiche wapi?"

Wakacheka hata Padri akafuta macho. Somo amepewa Loveness, binti wa yule mama wa foleni. Nani aliyeivujisha siri? Namshuku Mwalimu.

Jumapili, 13 Oktoba.
Umeme ulikatika, vipaza sauti vikazima. Loveness akasoma polepole, watu wameinama mbele, kimya. Nikamhurumia. Kutoka benchi la nyuma nikamnong'oneza, "Sauti, mwanangu!"

Kanoni, kasisi mkubwa aliyekuwa mgeni wetu kutoka Masasi, akaangusha miwani. Watoto wachanga wakalia. Kikapu cha korosho kikamwagika hadi miguuni pa Cyril. Naye akanitazama kama mtu aliyelipwa.

Ni dhahiri kanisa letu lina mwangwi. Kesho nitampigia Kanoni, kwa siri, kuhusu somo la mwakani. Masasi nako ni bondeni. Sauti sharti iteremke.

Bwana akulinde, msomaji, wewe na wa nyumbani mwako, awajalie maji na usikivu mwema.